Nawapeleka watoto Fort Jesus, nianzie wapi?

Mwalimu wa Voi
Habari zenu wakuu. Mwezi ujao naleta gredi ya sita, watoto 40, Fort Jesus, ile ngome ya kale ya Mombasa. Mwaka jana nilikosea. Niliwaingiza moja kwa moja kwenye chumba cha maonyesho, na tulipofika kabati la tatu la vigae, mmoja akaniuliza, "Mwalimu, hivi vyombo nani alivivunja?" Wenzake wakaangua kicheko. Mimi jibu sina. Wenyeji, nisaidieni.

Mzaliwa wa Mji wa Kale
Karibu Mvita, yaani Mombasa, mwalimu. Huyo mtoto ana akili, usimkemee.

Makabati yaache kwanza. Wasimamishe ukutani, kila mmoja aweke kiganja. Lile ni jiwe la tumbawe. Wakitazama kwa karibu wataona vitundu na mistari kama sega la nyuki. Wareno walianza kujenga 1593, na aliyechora ramani alikuwa Muitaliano, Giovanni Battista Cairati, lakini jiwe ni la pwani yetu.

Halafu wapandishe juu, upande wa bahari, uwaonyeshe maji ya pale chini. Machi 1696 Waomani waliizingira ngome, na waliichukua Desemba 1698. Ndani Wareno walikuwa wachache, wengi ni watu wa pwani waliokuwa upande wao. Manowari ya Wareno, Santo António de Tanná, ikaja kuwaokoa, ikazama hapo hapo, 1697. Wapiga mbizi waliichimbua kuanzia 1977 hadi 1980. Watoto wakishayaona yale maji, ndipo uwaingize ndani waone vilivyotolewa melini. Hapo kigae hakitakuwa kigae tena, ni sahani ya mtu aliyekuwa na njaa.

Na usisahau kwamba ngome hii iliwahi kuwa jela. Marehemu babu akisema fulani "yuko Ngomeni", ana maana amefungwa. Wafungwa walikaa mle tangu 1895 hadi 1958. Makumbusho yalifunguliwa 1960, lakini mzee hakukubali kuingia hata siku moja. Alisema mlango ule haujui kutofautisha mgeni na mfungwa.

Fundi wa Majengo
Naongezea: michoro ya mabaharia Wareno. Walichora ukutani kwa makaa na udongo mwekundu, meli, samaki, hadi kinyonga. Mtoto anayechora dawatini ataelewa bila kuelezwa.

Mzaliwa wa Mji wa Kale
Kweli, kinyonga! Usiwaambie yuko wapi, waache wamtafute wenyewe. Na wagawe kumi kumi, 40 kwa mpigo hakuna atakayeona kitu.

Mwalimu wa Voi
Ahsanteni sana. Kinyonga, maji, halafu vigae. Yule aliyeuliza sasa yuko gredi ya saba, shule hii hii. Naye nitambeba, maana kila tukikutana ananiuliza kama nimeshampata aliyevunja.