Miezi mitano tunakutana tu, sasa nimempenda. Naombeni ushauri

BintiSinza (Jumatatu asubuhi): Habarini wakuu. Nina miaka 26, nauza vitambaa Kariakoo. Kuna kaka tulijuana kwenye harusi, tukakubaliana mapema: hakuna uchumba, hakuna kuulizana ulikuwa wapi, tukikumbukana tunakutana. Mimi ndiye niliyetaka hivyo. Nilikuwa nimetoka kwenye uchumba wa miaka minne uliovunjika barua ya posa ikiwa imeshapokelewa nyumbani.

Jumamosi usiku nilikuwa kwake. Natafuta mswaki wangu bafuni, naukuta umeviringishwa kwenye mfuko mweusi, umesukumwa nyuma ya ndoo. Akasema dada yake alikuja. Sikupata usingizi. Na kondomu hatukutumia, alisema tumeshazoeana. Nimwambie ninavyojisikia, au ninyamaze nisimpoteze?

KakaMkubwa: Dada, mwanaume anayetaka ujulikane kwao hafichi mswaki. Ila hajakudanganya, mlikubaliana wawili. Wewe umebadilika, na si kosa. Mwambie.

MamaWaTanga: Mwanangu, sisi tuliolewa kwa mshenga na bado wapo waliofichwa. Usidhani shida ni usasa wenu. Muulize anakutaka kwa lipi, kisha msikilize.

NesiWaZamu: Mdogo wangu, hayo ya moyo yatasubiri. Umesema Jumamosi usiku. Kama hujui hali yake, dawa za kujikinga na VVU, PEP, zinaanzwa ndani ya saa 72, yaani mwisho wako ni kesho usiku, na ukiwahi ndiyo bora. Nenda kituo cha afya leo hii, uwaeleze wazi. Watakupima kwanza, ukiwa huna maambukizi utameza dawa siku 28. P2 nayo ni ya kuwahi, lakini inazuia mimba tu, VVU haigusi. Kipimo cha leo hakiwezi kuonyesha ya Jumamosi, kwa hiyo utarudi kupima tena. Usione haya. Wanakuja wengi, hata wenye ndoa zao.

BintiSinza (Jumatatu jioni): Asanteni sana, dada nesi Mungu akubariki. Nimetoka kituoni saa kumi, kidonge cha kwanza nimekimeza palepale. Nimempigia nikamwambia naye akapime. Akakaa kimya, halafu akauliza, "Kwani wewe una wengine?" Nikamjibu sina. Ndipo nikagundua kwamba miezi yote mitano mimi mwenyewe sijawahi kumuuliza swali hilo. Nimemuuliza. Amesema tutaongea kesho.