Tupeane uzoefu: kufungua akaunti ya benki Ujerumani ukiwa mgeni

Wakuu, habari za majukumu. Nimefika Leipzig kwa masomo, na kilichonitesa kuliko baridi ni akaunti ya benki. Tupeane uzoefu, wanaokuja wasihangaike.

Kwa ajili ya viza niliweka euro 11,904 kwenye Sperrkonto, akaunti iliyozuiwa, unaachiwa 992 kila mwezi. Nilipofika ndipo nikajua haziji mpaka uwe na akaunti ya kawaida. Benki wakataka Anmeldung, cheti cha kuandikisha makazi. Ofisi ya makazi nayo ikataka barua ya mwenye nyumba. Mimi nalala sebuleni kwa rafiki, barua naitoa wapi? Wiki tatu nilikula kwa kukopa.

*

Pole sana mkuu. Mimi Anmeldung niliwahi, akaunti nikafungua, nikasubiri kadi. Kimya. Kumbe huku mtu wa posta anasoma jina kwenye sanduku la barua, na langu bado lilikuwa na jina la mpangaji aliyehama. Bahasha ya kadi ikarudi benki, na ya PIN, ambayo huja peke yake, ikarudi pia. Nikakata karatasi, nikaandika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, nikabandika kwa selotepu. Walipotuma upya, zikafika. Bandikeni jina kabla hata ya kufungua begi.

*

Mimi uhakiki wa utambulisho kwa video, wa kufungulia akaunti, ulinishinda. Naambiwa niinamishe pasipoti zile alama zing'ae, nainamisha hadi mkono unauma, kamera haioni. Nikaenda tawini, nusu saa tukamaliza.

*

Ndugu zangu, mimi ni mkimbizi, natokea Bukavu. Matawi mawili yalinikataa, nikatoka nimeinamisha kichwa. Mshauri wa wakimbizi akanionyesha sheria ya 2016: kila anayeishi kihalali Umoja wa Ulaya, hata asiye na anwani ya kudumu, ana haki ya Basiskonto, akaunti ya msingi ya benki. Hata mwenye Duldung, karatasi ya aliyesimamishiwa kufukuzwa nchini kwa muda. Kuna fomu yake. Benki ina siku 10 za kazi kukujibu, na ikikataa lazima iandike sababu, nawe unapeleka malalamiko BaFin, mamlaka inayosimamia mabenki. Nilirudi na fomu imejazwa, na safari hii waliipokea. Msikubali kukataliwa kwa mdomo.

*

Asanteni sana. Hiyo ya Basiskonto sikuijua kabisa. Mdogo wangu anatua Jumapili, nimeshabandika jina lake kwenye sanduku, chini ya langu. Wengine endeleeni.