Eti nipelekwe makumbusho MIMI! Yule wa helmeti nyeupe leo kanimaliza

Wakuu poleni na jua, mikono bado inatetemeka hapa nikikosea kuandika mnivumilie. Simtaji jina, mnamjua wote, yule wa helmeti nyeupe ambayo haijawahi kuona vumbi, anashuka kwenye gari utadhani kaja kuzindua daraja. Leo kanidhalilisha mbele ya muuza kahawa.

Nimesimama zangu Uhindini hapa Dar naliangalia lile jengo la kona, chini maduka juu makazi, roshani ya mbao, madirisha ya luva, tayari wameshalizungushia mabati. Nikamuuliza kistaarabu kabisa, kijana, jengo la Edwardian hili, watu wa Mambo ya Kale wanajua? Akatoa kijiti mdomoni, shikamoo hakuna, akasema "Mzee, hili gofu tunavunja, wakitaka vya kale tutawapelekea wewe makumbusho."

MIMI. Makumbusho. Muuza kahawa kacheka mpaka kikombe kikamponyoka, wacheza bao wamelala chini, kuna paka alikuwa juu ya bati naapa na yeye alicheka.

Na hoja nilikuwa nazo jamani! Nilitaka kumwambia ukuta wa matumbawe na chokaa haukuwa na shida, shida ni hiyo saruji mliyoipiga juu yake, chokaa inapumua ila saruji inafungia unyevu ndani, plasta inabanduka, ukuta unaoza, halafu mnatuambia jengo limechakaa lenyewe. Nilitaka kumwambia habari za 1971, majumba yalivyotaifishwa yakaenda kwa Msajili wa Majumba wa serikali. Sasa utaanzia wapi na umeshaambiwa ukawekwe kwenye kioo na kibandiko kifuani? Halafu kile kijiti! Kakirudisha mdomoni akaendelea kuchokonoa. Makumbusho, mimi, nina wajukuu!

Mtoto wa Kisutu: Mkuu kiingilio shilingi ngapi, nije na watoto Jumamosi?

Bibi Harusi Mtarajiwa: Hajakupa hata shikamoo?? Huyo namjua, alikuja mtaani kwetu akaita msikiti "kizuizi".

Fundi Chokaa: Ya saruji umesema kweli tupu. Ila Edwardian ni enzi za mfalme Edward wa Saba wa Uingereza, 1901 mpaka 1910, na muda huo Dar alikuwepo Mjerumani. Mwingereza kaingia mjini 1916. Hilo walijenga wafanyabiashara wa Kihindi chini ya Mjerumani, huyo Edward hata kodi hakuwahi kukusanya hapo.

Mleta uzi: Hata angejenga Mreno! Nimeambiwa niende makumbusho, someni uzi!

Wakili Msomi wa Tandika: Sheria yenyewe ndo kichekesho. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, ya baada ya hapo mpaka yatangazwe. Ila milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940 imo. Kwa hiyo nyumba chini, mlango ubaki umesimama wenyewe unapigwa na jua.

Mtoto wa Kisutu: Mlango na mzee 😂😂

Kiboko wa Kigogo: Jengo la Salamander pale Samora mlilia hivihivi ikavunjwa. Lieni tu.

dadaMkavu: Na hayo mapya je? 2013 ghorofa la 16 lilianguka Indira Gandhi wakafa watu 36. Gofu la mzee limesimama zaidi ya miaka mia na hakuna aliyelishika mkono.

Mpangaji Sugu: Mnaolipenda hamuishi humo. Mimi nimekaa jengo la hivyo, bomba la maji machafu linapita juu ya jiko, ukikaanga samaki unashika mwamvuli. Mleta uzi unaishi wapi?

Mleta uzi: Goba. Kwani?

Mpangaji Sugu: 😂😂😂 Goba, tofali za saruji na madirisha ya alumini, anakuja kutulilia matumbawe.

Kiboko wa Kigogo: Nimetoka kwenye uzi.

Muuza Vitenge: Afadhali nyie mnagombea kuta. Mimi fremu ya Kariakoo nimelipa kilemba (hela ya kupewa fremu), nimelipa kodi ya mwaka mzima, jana mwenye nyumba ananiambia kuna "mtu mwingine ameonyesha nia". Nia!

dadaMkavu: Mwambie arudishe kilemba kwanza.

Muuza Vitenge: Anasema kilemba kilikuwa cha baba yake, na baba keshafariki.

Mtoto wa Kisutu: Na wale wa maegesho wenye mashine mkononi mjini, unaingia duka la dawa dakika mbili ukitoka gari ina mnyororo.

Bibi Harusi Mtarajiwa: Wewe una gari unalalamika, mimi konda wa Gongo la Mboto leo kanishusha kabla ya kituo na chenji yangu mia tano kaondoka nayo.

Mleta uzi: Jamani uzi wangu

Fundi Chokaa: Konda wa shati la drafti?

Bibi Harusi Mtarajiwa: HUYOHUYO!! Unamjua?

Fundi Chokaa: Ananidai salamu, mimi namdai elfu mbili.