Mkutano, kozi ya SUA, mtandao au kundi la WhatsApp: kipi kinatufaa madaktari wa mifugo wa Lindi na Mtwara?

Dk_Liwale
Wakuu, salaam. Nimetenga akiba ndogo ya kujiendeleza mwaka huu na sitaki iende bure. Naona njia nne: mkutano wa mwaka wa chama chetu cha madaktari wa mifugo, kozi fupi SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro, kozi za bure mtandaoni za FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa), au nibaki na makundi ya WhatsApp tunakorushiana kesi. Cheti nakihitaji, lakini kinachoninyima usingizi ni kesi. Juzi nimeitiwa ng'ombe: homa 41, tezi chini ya sikio na mbele ya bega zimevimba, anahema kwa shida, anakohoa kidogo. Mfugaji alikwisha kumchoma oksi (antibiotiki ya oksitetrasaiklini), wapi. Nikaweka picha kundini, nikapewa majibu matatu: ndigana kali (ya kupe), nagana (ya mbung'o), homa ya mapafu. Huku wilayani sina mwenzangu wa kumuuliza. Pesa niipeleke wapi?

Afisa_Newala
Mtandaoni, mkuu. Nauli hulipi, na somo unalifungua usiku ukiwa umetulia. Nilizosoma mimi ni Kiingereza kitupu na bando linakwenda, ila mimi nimefaidika hasa upande wa sotoka ya mbuzi na kondoo. Ugonjwa ule ulithibitishwa nchini 2008 huko kaskazini, kisha ukatufikia Tandahimba kwa mbuzi walionunuliwa mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Kila msimu wa korosho pesa ikishaingia mifukoni watu wananunua mbuzi wa mbali, kwa hiyo mlango bado uko wazi, na lengo la kuutokomeza duniani ni 2030. Nimejifunza kuchukua ute wa pua na machozi kwa mbuzi aliyeanza homa sasa hivi, niuweke kwenye barafu, badala ya kuhangaika na mzoga wa jana.

Daktari_Masasi
Kaka wa Liwale, pole na kazi. Afisa kasema kweli, ila kozi haitakujibu kuhusu ng'ombe aliyelala mbele yako. Wala kundi la WhatsApp silaumu. Lilipewa picha ya ng'ombe aliyeinamisha kichwa, na magonjwa yote matatu uliyotajiwa yanaweza kumfanya ng'ombe ainamishe kichwa. Hata profesa wa SUA angebahatisha.

Kwa dalili hizo, ningeingiza sindano kwenye tezi iliyovimba, nivute majimaji kidogo, niyapake kwenye slaidi. Slaidi ya pili iwe ya damu ya mshipa wa sikio, tabaka jembamba. Zikaushe, zitie methanoli, kisha rangi ya Giemsa. Vimelea vya ndigana kali vikiwa ndani ya seli za tezi utaviona, na picha ya hiyo slaidi ukiirusha kundini majibu hayatakuwa matatu. Kwa nagana, tazama na tone la damu mbichi palepale, maana vimelea vinaonekana vikicheza. Usipoviona usiseme havipo, mara nyingi huwa vichache mno kwenye damu. Homa ya mapafu haitaonekana kwenye slaidi hizi. Hiyo inaambukiza ng'ombe kwa ng'ombe, kwa hiyo ukiishuku, zuia mifugo isihame na toa taarifa wilayani siku hiyohiyo.

Nasisitiza hili kwa sababu dawa hazibadilishani. Buparvakwoni, dawa ya ndigana kali, ni ghali na inataka iwahi, na haimsaidii mwenye ndigana baridi, ugonjwa mwingine wa kupe. Oksi inamsaidia huyo, lakini ndigana kali iliyokwisha kukolea haiiponyi. Diminazini ni ya nagana na kukojoa damu. Mfugaji wa kwetu akilipia dawa isiyo yake, mara ya pili hakuiti.

Kwa hiyo akiba yako nunua hadubini, hata iliyotumika, uwe na slaidi na Giemsa ya kutosha. Kitakachobaki kiwe nauli ya kwenda maabara ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari) Mtwara. Nenda na slaidi zako, omba ukae na wataalamu wazisome ukiwepo. Kwangu hiyo ni kozi kuliko kozi.

Mzee_Ruangwa
Naheshimu maneno ya Daktari, lakini mkutano msiutupe. Watu ninaowapigia simu leo nikikwama nilijuana nao mikutanoni, tukila chakula pamoja. Mtu aliyekwisha kukuona anapokea simu. Upande wa cheti, kabla hujalipia kozi yoyote uliza Baraza la Veterinari kama wanaihesabu. Na tarehe ziangalie na mvua: Mei 2024 barabara ya Dar ilikatika Somanga baada ya kimbunga Hidaya, hakuna aliyesafiri.

Stashahada_Kilwa
Shikamooni. Mimi nimesoma LITA, chuo cha mafunzo ya mifugo. Kwenye haya makundi tunaposti hadi sura ya mfugaji na chapa ya ng'ombe wake. Naomba tuache. Kijiji kikisikia kundi la fulani lina homa ya mapafu, usiku uleule ng'ombe wanahamishwa, na hapo ugonjwa ndio umesambazwa.

Daktari_Masasi
Marahaba mdogo wangu. Umesema jambo kubwa. Weka umri, kilo, joto, dawa alizopewa na siku ugonjwa ulipoanza, na slaidi. Inatosha.

Dk_Liwale
Nashukuru sana wote. Naanza na hadubini, na sotoka nitaisoma mtandaoni. Mkutano nitaujaribu mwakani, Mzee, nikipata wa kunishikia kituo. Swali moja: slaidi zikikaa siku mbili njiani kabla ya kufika Mtwara zinafaa?

Daktari_Masasi
Zinafaa ukizitia methanoli zikikauka tu, kisha uzifungie kwenye kiboksi chake, maana nzi wanakula damu kwenye slaidi ikabaki kioo kitupu. Na kama umebeba kipande cha nyama kwenye fomalini, kisafiri mfuko mwingine kabisa. Mvuke wa fomalini ukizifikia slaidi, rangi haishiki.