50x au 18-55: nichukue ipi?

MgeniWaLenzi
Wakuu, habari zenu. Natafuta kamera ya kwanza kwa ajili ya mahafali ya shule (ndani ya ukumbi) na mechi za mpira za jioni. Kuna Canon SX540 imeandikwa zumu 50x, na Canon 2000D ya mkononi (iliyokwisha kutumika) yenye lenzi ya milimita 18-55, ambayo muuzaji anasema zumu yake ni 3x tu. Mbona watu wananisukuma kwenye hii ya 3x?

Tundu_la_Mwanga
Mkuu, hiyo x ni kugawanya tu: milimita kubwa ya lenzi kwa ndogo. 55 kwa 18 ni kama 3. SX540 ni 4.3 hadi 215, ndiyo 50 yenyewe. Lenzi ya 70-300 ni 4x na ushee, ila inavuta mbali kuliko 18-55 mara tano na zaidi. Ukilinganisha lenzi za kamera moja soma milimita, x waachie wenye matangazo.

Tofauti kubwa iko kwenye sensa, kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga. Ya SX540 ni takriban milimita 6 kwa 4.6, ya 2000D ni 22 kwa 15. Eneo mara 11 au 12 hivi! Ukumbini, sensa ndogo itakujazia picha chenga.

Na zumu ya kidijitali izime kabisa. Inakata picha tu: megapikseli 20 ukivuta 4x zinabaki 1.25.

KijanaWaShata
Naongezea kitu kinachowaumiza wanaoanza. Kwenye 18-55 pameandikwa 1:3.5-5.6. Maana yake ikiwa 18 tundu la lenzi linafunguka hadi f/3.5 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), ukivuta 55 linaishia f/5.6 na mwanga unaoingia unashuka chini ya nusu. Kamera inafidia kwa kupunguza kasi ya shata (pazia linalofunguka kupitisha mwanga), picha inatoka na ukungu, lawama zinaangukia lenzi. Ukiwa 55, shika kasi ya 1/100 ya sekunde au zaidi ili mkono usiitikise. Hiyo ni ya mtu aliyetulia. Mpira unataka 1/500 kwenda juu, na jioni hapo lazima upandishe ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga).

Kwa mahafali ongeza 50mm f/1.8. Haivuti, utasogea kwa miguu, lakini inaingiza mwanga zaidi ya mara 9 ukilinganisha na f/5.6. Mpira utahitaji 55-250.

MgeniWaLenzi
Nimewapata. Hiyo ya mkononi niikague vipi?

Tundu_la_Mwanga
Itoe lenzi, mulika tochi kwa nyuma huku ukichungulia mbele. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi, irudishe. Vumbi kidogo halina shida. Zungusha pete ya zumu kutoka 18 hadi 55, isikwame wala kukwaruza.

Kisha rudisha lenzi, weka f/22, piga ukuta mweupe mara mbili, sehemu tofauti. Madoa yanayobaki palepale yako kwenye sensa. Mara nyingi ni vumbi, linasafishika.

Angalia pia herufi IS kwenye lenzi. 18-55 iliyoandikwa III peke yake haina kituliza mtikisiko, na kwa nje zinafanana sana.