Milioni kumi zimekatwa kimya kimya, halafu bado mnasema lugha ya programu ya RPG haina shida?

Jambo yenu wote. Nimeandika na hasira, kwa hiyo atakayekuja kuniambia "mashine hii haijalala tangu ifungwe" asome kwanza mpaka mwisho.

Niko Lubumbashi, kwenye kampuni inayouza vipuri na matairi kwa watu wa migodi. Nyuma ya ofisi ya uhasibu kuna AS/400, kompyuta ya biashara ya IBM, na ndani yake programu ya ankara iliyoandikwa kwa RPG III mwaka 1999. Mashine yenyewe sina neno nayo. Kuranti ikikatika betri inashika, kijana wa jenereta anakimbia, kazi inaendelea. Ugomvi wangu ni na ile lugha, na wazee wanaoitetea kama shamba la urithi.

Mwezi uliopita mteja alichukua mali ya dola 4,500, akaomba kulipa kwa franki. Wateja wetu wakubwa hulipa dola, ndiyo maana shimo hili lilikaa miaka yote bila mtu kutumbukia. Tukapiga kwa franki 2,800 kila dola, yaani 12,600,000. Ankara ikatoka 2,600,000! Mteja akaitazama, hakuuliza kitu, akalipa, akapakia, akaondoka (nani angeuliza?). Programu haikusimama, haikutoa hata ujumbe mmoja. Siku ya kufunga mwezi ndipo pengo likaonekana: milioni kumi kamili, bila kuzidi hata franki moja. Unafikiri nani aliitwa? Mama anayetoa ankara. Akaambiwa amekosea kupiga, au amepatana na mteja. Mshahara wake umeanza kukatwa.

Milioni kumi kamili! Mwizi gani anaiba namba ya duara namna hiyo?

Nikakesha siku mbili mbele ya skrini ya kijani nikisoma programu mstari kwa mstari. Niliukuta mstari wenyewe: MULT, amri ya kuzidisha, bei mara kiwango, jibu linaingia TOTFCF, sehemu ya jumla ya franki. Nguzo (nafasi za herufi kwenye mstari) ya 49 mpaka 51 zinasema urefu ni 9, ya 52 inasema desimali 2. Hesabu mwenyewe: zinabaki tarakimu saba kabla ya nukta, mwisho wake 9,999,999.99. Kinachozidi, RPG III inakikata upande wa kushoto. Kushoto, wandugu! Ingekata senti nisingesema kitu, senti hapa kwetu nani anazijua. Na mstari huohuo, nguzo ya 54 mpaka 59, una nafasi ya indiketa tatu, yaani swichi za kuwaka au kuzima: jibu ni chanya, ni hasi, ni sifuri. Ya kusema "jibu halikuenea" haipo. COBOL, lugha nyingine ya programu, mzee wa rika lake, ina ON SIZE ERROR, ya kusema jibu halikuenea, tangu ujana wake. Kwa hiyo msiniambie eti zamani hizo hakuna aliyefikiria.

Aliyeandika ile 9 simlaumu sana. Franki ilipotoka 1998, moja ikichukua nafasi ya zaire mpya 100,000 za pesa ya zamani, dola ilikuwa haifiki franki mbili. Lazima aliona ameacha nafasi ya kuwatosha wajukuu.

"Si upanue tu iwe 13?" Ndivyo mzee wetu wa kompyuta alivyonijibu, huku anakunywa chai. TOTFCF iko ndani ya faili la ankara. Ukibadilisha faili, kila programu inayolisoma inakataa kulifungua mpaka ikompailiwe upya (igeuzwe tena kuwa lugha ya mashine), na programu mbili kati ya hizo maandishi yake yalishapotea zamani, imebaki ile iliyokompailiwa tu. Halafu majina ni herufi sita, basi tuna TOTFCF, TOTFC1, TOTFCX, na hakuna anayekumbuka X ni nini. Sabrutini, kile kipande cha programu kinachoitwa kikihitajika, haipokei kitu wala hairudishi kitu; kila kigeu (jina linaloshika thamani) ni cha programu nzima. Indiketa namba 54 (si ile nguzo ya 54) nimeikuta inawashwa sehemu kumi na moja, kila sehemu na maana yake.

Kinachoniuma zaidi: RPG IV, toleo lililofuata la lugha hiyohiyo, ipo tangu 1994, kwenye mashine hizihizi. Miaka mitano kabla programu yetu haijaandikwa! EVAL, amri ya hesabu ya huko, jibu lisipoenea, inasimama na kutoa kosa RNX0103, na mtu anajua. Na wale wa "piga CVTRPGSRC mara moja, kwisha", yaani amri ya kugeuza RPG III kuwa RPG IV, nawajua, subirini. Ile inahamisha MULT ikiwa MULT, na ukikompaili bila kuweka TRUNCNBR(*NO), ya kuizuia isikate namba, itaendelea kukata kama kawaida. Hesabu za pesa lazima ziandikwe upya kwa mkono, moja moja. Nimesema kazi hiyo ni wiki sita. Patron amesema programu inafanya kazi, haoni sababu.

Nimempelekea mstari wenyewe umechapishwa, nikauzungushia kalamu nyekundu. Ameuangalia kama mtu anayeangalia barua ya Kichina.

Uamuzi uliotoka jana ni huu: mama wa ankara amenunuliwa kalkuleta. Kila ankara ya franki aipige kwanza pale, alinganishe na AS/400, ndipo aweke sahihi. Pesa walizomkata hazijarudishwa.