Naomba ushauri: sheria za mlango kati ya dunia sambamba

Wakuu, naomba ushauri kuhusu riwaya inayochanganya sayansi na uchawi. Kwa nadharia ya mwanafizikia Hugh Everett ya mwaka 1957, ulimwengu hugawanyika kuwa matawi, yaani dunia sambamba, na matawi hayo yakishaachana hayawasiliani tena, hivyo uchawi ndio unaofungua mlango kati yake. Siku 1 ng'ambo ni siku 12 nyumbani. Hapo ndipo hesabu inapovurugika: mhusika akikaa ng'ambo siku 5, nyumbani zimepita 60, na kila ujumbe unafika umepitwa na wakati. Niweke tarehe mbili juu ya kila sura, au nifute tofauti hiyo kabisa?

Pia mlango udai gharama gani, usije ukamaliza kila tatizo? Kumbukumbu moja kwa kila safari inanivutia sana, ila msimulizi ni mhusika mwenyewe. Akisahau, nani atasimulia?